Babu Aliyechukuliwa Vitani 1914–1918: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Askari na Wapagazi wa Afrika Mashariki

Familia nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi zina babu ambaye habari zake zimebaki sentensi moja: "Alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu, hakurudi." Au alirudi, akaoa, akazeeka, na wanawe hawakumuuliza aliona nini huko. Vita hivyo, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilianza Agosti 1914 na kwa upande wetu vikaisha tarehe 25 Novemba 1918, pale jeshi la Wajerumani chini ya jenerali wao von Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Vifo vilivyoandikwa vinapita 95,000, na hao ni wale tu waliobahatika kuandikwa.

Mwongozo huu ni wa kitukuu au kilembwe anayetaka kupita hapo kwenye ile sentensi moja. Niseme mapema ninachokiamini: kama babu yako alikuwa askari, unaweza kutafuta jina lake. Kama alikuwa mpagazi, ukianza na jina utakata tamaa mapema. Tafuta kundi alilochukuliwa nalo, yaani kijiji, jumbe au chifu aliyetoa watu, mwaka, na njia waliyopita. Wapagazi walikusanywa kwa makundi, wakasafirishwa kwa makundi, na karatasi nyingi zilizobaki zinawataja kwa makundi. Ukilipata kundi, umempata mtu kwa sehemu kubwa.

Anza na wazee, na uanze sasa

Karatasi zilizokaa miaka mia moja zitakungoja. Shangazi mwenye miaka tisini hatakungoja. Nenda na simu ya kurekodia, uombe ruhusa kabla ya kuiwasha, na uchukue daftari pia kwa sababu simu huishiwa chaji. Usiende na watu wengi. Wazee wawili wakikaa pamoja hukumbushana vizuri, lakini mbele ya umati mambo mengine hayasemwi.

Kosa linalofanyika sana ni kuuliza mwaka. "Babu alizaliwa lini?" ni swali lisilo na jibu kwa watu ambao hawakuhesabu hivyo. Uliza mtu na jambo, kisha shikilia uzi. Mazungumzo yenye faida huenda namna hii:

"Shikamoo shangazi. Nilikuwa nataka kumjua babu mzaa baba yenu. Alipochukuliwa alikuwa ameshaoa?"

"Marahaba. Ameshaoa. Alimwacha bibi ananyonyesha."

"Akimnyonyesha nani?"

"Yule wa kwanza, aliyehamia kule bondeni."

"Na huyo wa bondeni, waliocheza naye utotoni ni akina nani?"

Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lenye thamani. Kati ya wale waliocheza pamoja, huenda mmoja alibatizwa au alisoma madrasa, na tarehe yake imeandikwa mahali. Ukijua umri wa mtoto aliyekuwa ananyonya, umejua mwaka ambao baba yake aliondoka, ukikosea basi ni kwa mwaka mmoja au miwili.

Tafuta pia matukio yanayojulikana tarehe zake. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ni ya miaka ya 1890. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Nyota yenye mkia iliyoonwa na wengi ni ya 1910. Homa kali iliyoua vijiji ilikuja mwishoni mwa 1918, na kwa Wagogo njaa iitwayo Mtunya ni ya 1917 hadi 1920. Rupia ilipisha shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa jamii zenye marika, kama Wakikuyu, Wanandi na Wamasai, jina la rika ni karibu sawa na cheti cha kuzaliwa: uliza rika la babu, la mdogo wake na la mwanawe wa kwanza, kisha ulinganishe.

Alikuwa upande gani, na kazi gani

Maneno aliyoyaacha nyumbani hufichua mengi. Familia ikisema alikuwa "keya", huyo alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902. Ikisema "kariakoo" au "kariakor", alikuwa katika jeshi la wapagazi la Waingereza, ambalo kambi zake ndizo zilizoacha majina hayo Dar es Salaam na Nairobi. "Tengatenga" hutumika kwa wapagazi wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. "Rugaruga" walikuwa wapiganaji wa msaada, wasio askari kamili. Vyeo vya "ombasha", "shaushi" na "efendi" vinaelekeza kwenye jeshi la Mjerumani, ingawa Wasudani waliokuwa upande wa Mwingereza nao waliyatumia maneno hayo. Ichukulie kuwa dalili, usiichukulie kuwa ushahidi.

Usishangae ukikuta babu mmoja katika pande zote mbili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles na kuwaandikisha humo askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Familia mbili za ukoo mmoja zinaweza kubishana miaka na miaka, hii ikisema alikuwa wa Mjerumani na ile ikisema wa Mwingereza, na zote zinasema kweli.

Usidhani pia kwamba alizaliwa hapo alipozikwa. Wissmann, ofisa aliyeliunda jeshi la Mjerumani huku kwetu, aliajiri askari wake wa kwanza mwaka 1889 miongoni mwa Wasudani waliokuwa Misri na watu wa kusini mwa Msumbiji, na hao wa Msumbiji wakaitwa Wazulu. Baadaye wakaongezeka Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Kama ukoo wako unasema "sisi asili yetu ni Wazulu" na mpo Bagamoyo au Tabora, msiipuuze kauli hiyo.

Njia aliyopita hukupa mwaka

Hapa ndipo mpagazi asiye na jina anapoanza kuonekana. Mahali panapotajwa katika masimulizi ya nyumbani, hata kwa matamshi yaliyopinda, panaweza kulinganishwa na mwendo wa vita ambao tarehe zake zinajulikana vizuri.

Akitajwa Tanga na "vita vya baharini", ni Novemba 1914, Waingereza waliposhuka kutoka melini wakafukuzwa. Voi, Maktau, Mbuyuni na Taveta ni 1915 na mwanzo wa 1916, wakati reli ya kijeshi ilipokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Kilimanjaro. Kondoa ni 1916, msimu wa mvua, ambapo watu na wanyama walikufa kwa njaa na tope. Morogoro ilichukuliwa Agosti 1916, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Ndiyo maana kuna wazee wa Kigoma na Tabora wanaomtaja Mbelgiji, wala si Mwingereza. Kilwa na Lindi ni 1917. Mahiwa ni Oktoba 1917. Ruvuma na Msumbiji ni kuanzia Novemba 1917 hadi 1918.

Mwaka 1917 uchunguze kwa makini zaidi ya yote. Katika Kenya ya leo, kati ya Machi na Agosti mwaka huo, serikali iliendesha msako mkubwa wa wapagazi chini ya John Ainsworth, na vijana waliokuwa wamekwepa miaka mitatu wakachukuliwa kwa mkupuo. Familia ikisema "walikuja usiku wakazingira nyumba" na wakati unaokisiwa ni mwisho mwisho wa vita, uwezekano mkubwa ni huo.

Kuhusu kifo, jiandae. Wapagazi wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, kwa sababu walilishwa vibaya, wakavikwa vibaya na kupelekwa kwenye hali ya hewa wasiyoizoea. Ukikuta neno la ugonjwa mbele ya kundi la babu yako, hilo halipunguzi heshima yake hata chembe. Ndivyo vita hivyo vilivyoua.

Jina lake liliandikwaje

Kabla ya kufungua faili lolote, tengeneza orodha ya namna zote ambazo jina lake lingeweza kuandikwa na karani asiyejua lugha yake. Mjerumani aliandika "sch" mahali petu pa "sh", "dsch" au "dj" mahali pa "j", na mara nyingi "j" mahali pa "y". Mwanza utaikuta "Muansa", Ujiji "Udjidji". Mwingereza naye aliandika alivyosikia.

Miji mingine ilibadilishwa majina kabisa. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga. Wiedhafen ni Manda na Sphinxhafen ni Liuli, kwenye Ziwa Nyasa. Kwa Kenya, Port Florence ni Kisumu na Fort Hall ni Murang'a. Watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria waliandikwa wote kwa jumla "Kavirondo", Waluo kwa Waluhya, kwa hiyo usitegemee kabila lililoandikwa likupe ukoo.

Halafu kuna majina ya safari. Wengi walijiandikisha kwa majina ya Kiislamu au ya utani ili karani asisumbuke, au ili nyumbani wasijue. Waulize wazee: "Askari wenzake walimwitaje?" Jina hilo la kambini linaweza kuwa ndilo lililobaki kwenye karatasi, huku jina lake la ukoo halikuandikwa popote.

Karatasi za karibu kabla ya za mbali

Watu wengi hukimbilia tovuti za ng'ambo. Mimi nasema uanze na parokia, usharika au msikiti ulio karibu na kaburi la mkewe.

Kitabu cha ubatizo cha Kanisa Katoliki ni hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. Chukua mstari mmoja wa kitabu cha wakati huo: una namba, tarehe, jina la ubatizo, umri wa kukadiria kama ni mtu mzima, majina ya baba na mama, kijiji, msimamizi, na jina la padri. Mengi yameandikwa kwa Kilatini. Angalia pembezoni mwa ukurasa. Kuanzia 1908 Kanisa liliagiza ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye kumbukumbu yake ya ubatizo, kwa hiyo hapo pembeni unaweza kukuta mwaka aliofunga ndoa, na na nani, na parokia gani. Ukikuta mke ameolewa tena 1920 na akaandikwa mjane, umepata ushahidi wa kifo cha mume ambao hauko kwenye daftari lolote la jeshi. Msimamizi wa ubatizo pia mfuatilie, maana mara nyingi ni ndugu.

Wamisionari wa Bagamoyo walianza kazi 1868, Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893, Wabenediktini wakaanza Peramiho 1898. Tarajia pengo: vita vilipogeuka, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na hatimaye kuondolewa nchini, na baadhi ya vitabu vikakaa bila mwandishi. Kwa upande mwingine, baadhi ya misheni zilitoa wapagazi zenyewe. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar 1916, na Dk. John Arthur akaondoka na vijana wa misheni za Ukikuyu 1917. Babu aliyesoma kwenye misheni hizo ana nafasi nzuri ya kutajwa kwa jina.

Kwa familia za Kiislamu, kwenye sanduku la bibi tafuta barua za hati ya Kiarabu, shajara za ukoo, na karatasi za mirathi kutoka kwa kadhi. Usizipitie peke yako kama huijui hati hiyo. Mpelekee maalimu anayeaminika, na ubaki naye anaposoma.

Ukimaliza hapo ndipo uende kwenye hifadhi za taifa. Dar es Salaam kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, yenye majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, pamoja na vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza vinavyotaja majumbe, maakida na koo zao. Nairobi, Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue. Humo omba ripoti za mwaka za wilaya yako za 1914 hadi 1919, ambazo hueleza watu wangapi walitolewa na chifu gani. Omba pia ripoti ya Oscar Watkins, ofisa aliyeongoza jeshi la wapagazi. Zanzibar nenda Kilimani. Kila mahali uliza mapema masharti ya kibali na vitambulisho, usije ukafunga safari ukarudi mikono mitupu.

Ng'ambo, unaweza kufika ukiwa umekaa nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki katika kundi la WO 95, na kadi za medali katika WO 372. Shajara hizo hazimtaji mpagazi kwa jina, lakini zitakwambia kikosi kililala wapi tarehe fulani, chakula kiliisha lini, na wangapi walibaki njiani. Mambo ya utawala yako CO 533 kwa Kenya na CO 691 kwa Tanganyika. Bundesarchiv ya Berlin, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ina kundi la R 1001, majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, na sehemu kubwa inasomeka bure mtandaoni, kwa Kijerumani.

Vitu vilivyobaki nyumbani

Kama kuna medali, usiisugue. Iweke kwenye mwanga wa pembeni uzungushe ukingo wake taratibu. Medali ya vita ya Uingereza aliyopewa askari wa King's African Rifles ina maandishi madogo kwenye ukingo: namba, cheo, jina na kikosi. Namba hiyo ni ufunguo kuliko jina, kwa sababu majina ya Juma na Abdallah ni mengi, namba ndani ya kikosi haikugawiwa ovyo. Piga picha kila upande kabla haijapotea au kuuzwa.

Kwa walioishi Kenya, uliza habari za kipande. Sheria yake ni ya 1915 lakini ilianza kutekelezwa 1919 na 1920, na kila mwanaume aliyesajiliwa alibeba karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri wake ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kilichonusurika kinaweza kukupa kazi zake zote za baada ya vita.

Askari wa Mjerumani walilipwa malimbikizo yao katika miaka ya 1920, na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa waliokuwa bado hai. Ukimkuta mzee anayekumbuka babu akienda mjini "kuchukua pesa ya Mjerumani" akiwa ameshakuwa na mvi, umeshajua upande wake.

Waliobaki nyumbani

Huwezi kumjua mtu kwa vita peke yake. Fuatilia mkewe: nani alimrithi, shamba lilikwenda kwa nani, mahari ya binti ilipokewa na mjomba yupi. Kesi za ardhi na mirathi za miaka ya 1920 na 1930 hutaja koo vizazi viwili nyuma, kwa sababu kila upande ulilazimika kuthibitisha haki yake.

Kuna sehemu moja ya kwenda polepole. Wakati wa Mjerumani utumwa haukufutwa. Serikali yake ilitamka tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Tanganyika iliufuta utumwa 1922, Zanzibar 1897, na pwani ya Kenya 1907. Wengine walikwenda jeshini wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, na ukoo ukanyamaza tangu hapo. Mzee akikata mazungumzo mkifika kwenye mama wa babu, usimshinikize, na usitangaze ulichokikisia mbele ya watu. Mrudie akiwa peke yake. Ulichoambiwa kwa siri kiandike, lakini kiweke mbali na nakala utakayoigawa.

Kuthibitisha, na kulifikisha jina panapostahili

Kila habari iandike na mahali ilipotoka: nani alisema, lini, au kitabu gani na ukurasa upi. Usiunganishe watu wawili kwa sababu tu majina yanafanana. Dai angalau vitu vitatu vinavyokubaliana, kwa mfano kijiji, jina la baba na wakati. Pale penye shaka andika "huenda", na uache neno hilo hapo mpaka upate ushahidi.

Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hazina hata jina moja la aliyekufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali hadharani kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa bila usawa, na kwamba wengine wanaoweza kufikia 350,000 hawakukumbukwa kwa jina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo inatafuta na kuongeza majina. Tafuta kwanza kwenye orodha yake mtandaoni, kwa kutumia ile orodha yako ya tahajia zote. Usipomwona, waandikie: jina na majina yake mengine, kijiji na chifu, kikosi au kundi la wapagazi, mahali na wakati alipofia, na nakala ya kila ushahidi ulionao, kuanzia ukurasa wa kitabu cha ubatizo hadi rekodi ya sauti ya shangazi na tafsiri yake. Nakala ya pili iache kwenye hifadhi ya taifa ya nchi yako, na ya tatu kwa mjukuu mmoja ambaye ukoo umekubaliana kuwa ndiye mtunzaji.